Msajili Asingoje Kushtakiwa

Safu ya Jumamosi, na Zuhura Otiende

Kwenye saiba za Kawangware, kutoka steji ya 46 hadi Kongo, biashara isiyokauka ni ya makaratasi. Kijana anaingia na bahasha ya kaki, anaskaniwa vyeti, anachapishiwa CV, anasaidiwa kuomba cheti cha tabia njema kwenye eCitizen. Jina la KCSE, la digrii na la kitambulisho sharti yafanane. Yakitofautiana, bahasha inawekwa kando. Hapo ndipo anapokwama mhitimu wa transjenda: anaishi kama mwanamke, digrii yake imeandikwa jina la kiume, na kabla ya kuulizwa neno lolote kuhusu kazi anaulizwa cheti hicho amekitoa wapi.

Kenya ina kesi ya jambo hili, tena si ya juzi. Audrey Mbugua alifanya KCSE mwaka 2001 katika Shule ya Upili ya Kiambu, akapata A-, kisha akasoma Chuo Kikuu cha Maseno. Jina alilosajiliwa nalo halina kazi katika safu hii. Alipokwisha kulibadilisha kisheria, aliliomba Baraza la Mitihani, KNEC, limpe cheti chenye jina jipya, kisichotaja jinsia. Baraza likakataa. Akaenda Mahakama Kuu.

Oktoba 7, 2014, Jaji Weldon Korir aliamua upande wake. Aliipa KNEC siku 45 kukichukua cheti cha zamani na kutoa kingine chenye jina la Audrey, bila alama ya jinsia. Hoja yake ilikuwa nyepesi hata mtu anajiuliza kwa nini ilihitaji jaji: alama za mtihani hazitolewi kwa kuangalia kama mtahiniwa ni mume au mke, kwa hiyo cheti hakipungukiwi na kitu jinsia isipotajwa. Pia aliegemea Kifungu cha 28 cha Katiba, kinachohusu utu na heshima ya kila mtu.

Miezi michache kabla, Julai mwaka huohuo, Jaji George Odunga alikuwa ameiamuru Bodi ya Uratibu wa Mashirika Yasiyo ya Kiserikali isajili Transgender Education and Advocacy, shirika ambalo Audrey alikuwa miongoni mwa viongozi wake. Ungedhani baada ya hukumu mbili ofisi za wasajili wa vyuo zingetayarisha fomu za kubadili jina kwenye cheti. Ila mazoea ya vyuo vyetu yamebaki palepale: jina la digrii hufuata la KCSE, na la KCSE likigoma, mwenyewe ajijue. Hivyo kila mhitimu anaachiwa aanzishe upya vita ambavyo mwenzake alikwisha kuvishinda.

Hofu ya wasajili si ya kupuuzwa. Februari 2024, Tume ya Utumishi wa Umma ilitangaza kwamba vyeti 2,067 vya watumishi wa umma vilikuwa ghushi. Katika nchi ya namna hiyo, kukipiga upya cheti chenye jina tofauti kunatia wasiwasi. Lakini anayeghushi anataka digrii ambayo hakuisomea. Huyu wa transjenda aliisomea: nambari yake ya usajili chuoni ipo, nambari ya mtihani ipo, na nambari ya kitambulisho haibadiliki mtu anapobadili jina. Cheti cha zamani kirudishwe na kufutwa, daftari la chuo lihifadhi kwa siri majina yote mawili, na mwajiri anayetaka uhakika apewe jibu kwa nambari. Vyuo vingi vya Uingereza hufanya hivyo. Afrika Kusini ina sheria ya kurekebisha jinsia katika rejista ya taifa tangu 2003.

Tena Wakenya hawaogopi majina mapya. Gidion Kioko Mbuvi alipoamua kuwa Mike Sonko, jina hilo liliingia kwenye karatasi rasmi, akachaguliwa gavana wa Nairobi mwaka 2017. Maharusi hubadili, waliosilimu hubadili, waliookoka hubadili. Kelele huanza jina linapovuka mpaka wa jinsia, na hapo mtu wa kaunta anajigeuza daktari, kadhi na kasisi kwa pamoja.

Kibera inapaswa kulielewa jambo hili kuliko mtaa mwingine wowote. Wanubi, wajukuu wa askari waliotumikia jeshi la Waingereza, wamepigwa msasa kwa miongo mingi ili tu wapate kitambulisho, huku wakidaiwa karatasi za babu ambaye kaburi lake liko hapohapo. Mwaka 2011 kamati ya Umoja wa Afrika inayoshughulikia haki za watoto iliamua kwamba Kenya iliwanyima haki watoto wa Kinubi. Januari 2020, Nubian Rights Forum ilipoipinga Huduma Namba mahakamani, miongoni mwa majaji watatu waliozuia serikali kukusanya DNA alikuwamo Weldon Korir yuleyule. Hii haina maana kwamba kila mzee wa Makina, humo Kibera, atamkaribisha jirani wa transjenda kwa chai. Wengi hawatamkaribisha, na wana sababu zao za dini. Lakini kuambiwa na karani kwamba wewe si wewe, hilo wanalijua.

Madhara yenyewe si ya nadharia. Wakala wa M-Pesa hutazama kitambulisho, kisha uso. Polisi wa doria usiku hufanya vivyo hivyo. Agosti 2025, Jaji Reuben Nyakundi wa Eldoret alimpa fidia mwanamke wa transjenda aliyekamatwa mwaka 2019 na kudhalilishwa akiwa kizuizini, akaitaka serikali ilete sheria ya kuwalinda watu kama yeye. Bunge linaweza kuchukua miaka, kwa kuwa wanasiasa wanajua jambo hili halina kura.

Seneti ya chuo haina haja ya kulingoja. Vyuo hutoa nakala kwa aliyepoteza cheti, kwa hiyo utaratibu na fomu vipo. Kinachohitajika ni kifungu kimoja zaidi katika kanuni. Na kifungu hicho kisiishie kwa wenye pesa. Hati ya kubadili jina huandikwa na wakili, kisha hulipiwa kusajiliwa na kutangazwa katika Gazeti Rasmi la Serikali. Kwa mhitimu anayelipa kodi ya chumba cha mabati Gatina kwa kufua nguo Lavington, gharama hiyo inashindana na chakula. Vyuo vyenye vitivo vya sheria vina kliniki za msaada wa kisheria, na wanafunzi wake wanatafuta kazi ya mazoezi. Kuandaa hati hizo chini ya wakili wao ni kazi wanayoweza kupewa muhula huu.