Mwana asiyeona anataka kwenda iniversite

Wiki iliyopita baada ya mkutano mama mmoja alinivuta pembeni. Mwana wake haoni. Amepata diploma ya Serikali na anataka kwenda iniversite. «Nani atamwonyesha njia mle ndani?» aliniuliza. Dada zake hawawezi kumshika mkono miaka yote.

Simu inaweza kusaidia, ila tujue inakoishia. Simu nyingi za Android zina TalkBack, sauti inayosoma kilicho kwenye kioo, na ni ya bure. Njiani, ramani ya simu humwambia kata kulia, kata kushoto. Akiingia ndani ya jumba, mawimbi ya satelaiti hayapenyi vizuri kuta na dari, na ramani inapotea. Ndiyo sababu huko Hispania walitengeneza NaviLens, vibandiko vya rangi ambavyo kamera huviona kutoka mbali, kisha simu inasema ni wapi. Lakini lazima mwenye jumba akubali kuvibandika. Iko pia Be My Eyes, iliyoanzia Denmark mwaka wa 2015: kijana anafungua kamera, na mtu wa kujitolea anamsomea maandishi ya mlangoni, hata kwa Kifaransa. Hiyo inakula megabaiti! Na betri ikiisha siku umeme umekatika, msaidizi naye amekwisha. Fimbo nyeupe isibaki nyumbani.

Nilimshauri waende pamoja kabla ya masomo kuanza, majumba yakiwa matupu. Mwana ahesabu milango, apapase kona, ajue ngazi zinapoanzia. Waombe namba za milango zichongwe kwenye ubao, zisomwe kwa kidole. Ubao hauombi umeme.

Kwa mwana wa kiti cha magurudumu, simu haipandishi ngazi. Bebeni mita ya fundi: kila sentimita 1 ya kimo inataka sentimita 12 za mteremko. Ngazi za sentimita 50 zinataka mita 6. Mahali fulani, sipataji, niliona mteremko mkali hata mimi mwenye miguu nilishika ukuta.

Mkionana na viongozi, tajeni sheria namba 22/003 ya tarehe 3 Mei 2022, inayolinda haki za watu wenye ulemavu katika Kongo yetu. Na mama asiende peke yake. Huyu wetu anaenda Jumanne. Mimi na mweka hazina tutamsindikiza. Mwenye mita ya kuazima aniletee.