Mikwaruzo Katika Kioo cha Samaki

Tumepata barua kutoka Busunzu, wilaya ya Kibondo. Mwenye barua ni baba wa watoto, naye hufuga samaki wa Ziwa Tanganyika ndani ya tangi la kioo aliloletewa kutoka Kigoma. Mdogo wake, akitaka kumsaidia kazi, alilisugua tangi hilo upande wa ndani kwa waya wa kusugulia sufuria, likajaa mikwaruzo. Baba huyo akaghadhibika, na tangu siku ile ndugu hawasemezani. Atuuliza: je, kioo hiki chatengenezeka, au kitupwe?

Twamjibu kwamba kisitupwe kabla ya kupimwa. Na apitishe ukucha juu ya mkwaruzo. Ukucha ukinasa, mkwaruzo umezama, na kuuondoa hapana budi kula kioo kingi. Mahali hapo patabaki bonde litakalopotosha sura ya samaki. Huo na uachwe. Usiponasa, mkwaruzo ni mwepesi.

Ama kabla ya kutafuta dawa, na apake maji juu yake. Maji huujaza mkwaruzo, na kwa kuwa hupindisha nuru kwa kadiri iliyo karibu na ya kioo kuliko hewa, mkwaruzo mwepesi wa ndani hufifia, pengine usitambulikane kabisa. Mikwaruzo ya nje, isiyoguswa na maji, ndiyo ionekanayo zaidi. Basi huenda tangi likijazwa, neno hili likaisha bila ya gharama.

Usipofifia, upo unga uitwao oksaidi ya seriamu, ambao mafundi hung'arishia vioo na lenzi. Kwanza samaki wahamishwe katika chombo safi chenye maji ya tangi lile lile, maana viumbe hao tumewafungia sisi, na usalama wao u juu yetu. Kisha tangi litolewe maji. Unga ukorogwe kwa maji hata uwe kama uji, nacho kioo kisuguliwe kwa kitambaa laini, kwa kuzungusha taratibu, kikiloweshwa kila mara. Atumiaye mashine na ajihadhari zaidi, kwani kioo kikipata moto mahali pamoja hupasuka. Kwa mkono, kazi hii yataka saa nyingi na subira. Mwisho tangi lisuuzwe mara kadhaa hata unga wote utoke, wala sabuni isitumike. Tangi la plastiki lina njia yake nyingine.

Wako wanaosugua kwa mchanga au majivu. Sisi wenyewe tulijaribu zamani, tukauongeza ubaya. Mchanga ni mgumu kuliko kioo, na chembe moja iliyonasa katika sponji yatosha kukikwaruza. Kwa hiyo sponji ya tangi iwe ya tangi tu, isuuzwe kabla ya kazi, wala isishushwe hata kugusa mchanga wa chini.

Lililobaki ni la huyo mdogo. Kijana alikusudia wema, wala hakuna aliyemwonyesha namna ya kufanya. Asiyefundisha ana fungu lake katika kosa. Na amwite leo, wapime kioo pamoja, na wakiona haja ya kusugua, wasugue kwa zamu. Mkwaruzo mdogo ukibaki kiooni, samaki hawatadhurika. Ukibaki baina ya ndugu, nyumba nzima itaumia.