Msitu Hauhesabiwi kwa Karatasi



Kuna hesabu inayofanywa juu ya nchi yetu, nasi hatujaonyeshwa daftari lake. Mwaka 2015 mataifa yalipatana juu ya Malengo ya Maendeleo Endelevu, na chini ya lengo la 15 yakaweka baadaye njia ya kupima kama misitu inatunzwa vema. Vipimo ni vitano: eneo la msitu linaongezeka au kupungua kiasi gani kwa mwaka, wingi wa miti hai iliyo juu ya ardhi, sehemu ya msitu iliyo ndani ya hifadhi, sehemu yenye mpango wa usimamizi wa muda mrefu, na sehemu iliyopewa cheti na wakaguzi huru. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa hukusanya majibu ya nchi na kuyatangaza.

Vipimo hivyo si uongo. Kosa lake ni kwamba huhesabu yaliyo rahisi kuhesabika, na kuyaacha yanayoumiza.

Tazama kwanza neno lenyewe. Kwa shirika hilo, msitu ni ardhi inayozidi nusu hekta, yenye miti ya kupita mita 5 na kivuli kinachofunika zaidi ya asilimia 10. Katika safu ya eneo, pori la tangu enzi za mababu na shamba la mikaratusi huandikwa pamoja. Hata mahali palipokatwa miti yote hubaki msitu daftarini, mradi ukataji uwe sehemu ya usimamizi na miti itarajiwe kuota tena.

Kisha tazama mipango na vyeti. Kwetu, hizo ni karatasi za makampuni ya mbao zaidi ya kitu kingine. Lakini uchunguzi wa picha za setilaiti uliochapishwa mwaka 2018 ulionyesha kuwa kati ya mwaka 2000 na 2014, asilimia 84 hivi ya uharibifu wa misitu katika Bonde la Kongo ilitokana na mashamba madogo yanayofyekwa kwa mkono. Je, ni cheti gani kitakachomfikia mama mwenye jembe moja, ambaye ardhi yake imechoka na hana mbolea? Kwa kuwa vipimo havimwoni, fedha nazo hazimwoni. Atakayemwona ni mlinzi tu, siku ya kumkamata.

Na hifadhi? Virunga imelindwa kisheria tangu mwaka 1925, na huingia vizuri katika safu ya tatu. Lakini kwa miaka mingi makala yametoka humo hadi kwenye mbabula za Goma, na vita vimeigeuza biashara hiyo kuwa chakula cha wenye bunduki. Safu inasema pamehifadhiwa. Moshi unasema vingine.

Wapo watakaosema: basi tuwafukuze wapimaji wa kigeni, msitu ni wetu. Hao nao wanapotosha. Mwezi wa Novemba 2021, huko Glasgow, serikali yetu ilitia sahihi mapatano na wafadhili wa Mpango wa Misitu ya Afrika ya Kati: dola milioni 500 kwa miaka mitano, nasi tukaahidi upotevu wa msitu usizidi wastani wa miaka ya 2014 hadi 2018. Katika mapatano hayo ulidaiwa pia ukaguzi wa namna misitu ilivyogawiwa. Ripoti ya Ukaguzi Mkuu wa Fedha ilipotolewa hadharani mwaka 2022, wananchi walisoma jinsi mawaziri waliofuatana walivyogawa misitu kinyume cha sheria, wakati ugawaji mpya ulikuwa umesimamishwa tangu mwaka 2002. Hapo ushirikiano wa mataifa ulipima kitu chenye maana: ulihesabu matendo ya wenye mamlaka.

Basi tudai upimaji wa namna hiyo. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 iliagiza asilimia 40 ya kodi ya eneo inayolipwa na makampuni irudi katika majimbo na wilaya msitu unakotoka, ijenge kazi za manufaa ya wote. Ziandikwe shule ngapi zimejengwa kwa fedha hiyo, na wapi. Amri ya mwaka 2014 inaruhusu jamii kupewa msitu wake hadi hekta 50,000. Ihesabiwe ni jamii ngapi zimeupata, na ngapi zinapata riziki kutokana nao. Ihesabiwe ni nyumba ngapi mjini zimepata moto mwingine wa kupikia kuliko makala. Nchi ikionekana kuendelea katika safu zote tano huku haya yakiwa sifuri, tuseme wazi kwamba haijaendelea.

Vijana, kazi hii haihitaji setilaiti. Katika kikundi chenu, ulizeni ofisi ya wilaya: kodi ya msitu ya mwaka jana ni kiasi gani, na imejenga nini? Ulizeni kwa heshima, kwa maandishi, mkiwa wengi. Na msipojibiwa, ulizeni tena. Asiyehesabu mali yake huhesabiwa na mwingine, na hesabu hiyo haimwachii kitu.