Kelele Asizozisikia Mtunzaji



Juma hili twawaomba mwingie pamoja nasi katika nyumba ambayo wengi wetu hatujaizoea. Ndiyo maabara, mahali wafugwapo panya, sungura na mbwa, ili wataalamu wapate kujaribu dawa na kuchunguza maradhi. Wanyama wana vizimba, chakula na maji safi. Mtunzaji apita polepole, akijiambia: «Humu mna kimya kabisa.» Je, ni kweli?

Tukumbuke kwamba sauti ni mtikisiko wa hewa. Sikio la mtu husikia mitikisiko tangu 20 hata 20,000 kwa sekunde. Ikizidi hapo, kwetu ni kimya. Bali panya wakubwa wa maabara husikia hata yapata 80,000, na wale wadogo hupita kiasi hicho. Kitoto cha panya kikitoka kiotani humwita mama yake kwa sauti nyembamba tusiyoweza kuipata sisi, naye huja akakichukua. Mwaka 1988 wachunguzi wa Uingereza walipima vyumba vya wanyama kwa vyombo vyao, wakaona ya kuwa bomba la maji lililofunguliwa, kiti kinacholia na mashine yenye kioo hutoa sauti za namna hiyo. Basi, pale mtunzaji anaponawa mikono bila kusikia lolote la ajabu, pengine panya wanapigwa masikioni. Wazee walisema: kitanda usichokilalia, hujui kunguni wake.

Madhara yake si madogo. Mwongozo wa Marekani wa kutunza wanyama wa maabara, katika chapa ya mwaka 2011, waonya kwamba sauti inayopita desibeli 85 yaweza kudhuru masikio na viungo vingine pia: tezi zilizo juu ya figo huongezeka uzito, na uzazi wa panya hupungua. Tena kuna ukoo wa panya wadogo uitwao DBA/2. Wakiwa na umri wa majuma 3 hivi, mlio mkali wa kengele huwafanya wakimbie ovyo, waanguke na kushikwa na kifafa. Wengine hufa papo hapo.

Lakini kelele humdhuru mnyama, na zaidi ya hayo humdanganya mwenye elimu. Sikilizeni habari ya Norman Maier, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani. Alimweka panya juu ya kigingi kirefu, mbele yake milango miwili yenye alama. Akirukia mlango wa haki, hufunguka, naye hupata chakula; akikosea, hugonga pua na kuanguka wavuni. Kisha Maier alilivuruga fumbo, hata panya asijue achague upi. Panya alipokataa kuruka, alisukumwa kwa mpulizo mkali wa hewa. Ndipo wengine walipoanza kuzunguka kwa kasi, wakatetemeka na kuanguka kama wafu. Maier akasema: hii ni taabu ya moyo, mnyama ameshindwa kuchagua. Mwaka 1938 alipewa tuzo kubwa na Jumuiya ya Marekani ya Kuendeleza Sayansi.

Mwaka uliofuata, 1939, Clifford Morgan na Jane Morgan walijaribu jambo jepesi. Waliondoa fumbo lote, wakabakiza mlio wa ile hewa peke yake. Panya walishikwa na kifafa kilekile! Kumbe mlio wenyewe ulitosha kuwaangusha, pasipo mlango wala uchaguzi. Maier hakuwa mwongo. Aliyaona kweli aliyoyaeleza. Ila alitafuta sababu ndani ya moyo wa panya, asihesabu sauti aliyoileta mwenyewe kwa mkono wake.

Ivan Pavlov wa Urusi, aliyechunguza mbwa, alikuwa ameijua hatari hiyo mapema. Katika miaka ya 1910 alijengewa huko St Petersburg nyumba iliyoitwa Mnara wa Kimya, yenye kuta nene na handaki kuizunguka, kusudi mlio wa njiani usimfikie mbwa na kuyaharibu majaribio. Siku hizi maabara nzuri huwatenga mbwa na nguruwe wenye makelele mbali na panya na sungura, na watumishi hufundishwa kufunga milango taratibu.

Ninyi wanafunzi, mkifuga sungura, msiweke kibanda chao karibu na kinu cha mota au chini ya redio. Sungura akishtuka hukurupuka kwa nguvu hata aweza kujivunja mgongo. Na siku mtakapoitwa kupima jambo lolote, ulizeni kwanza: sisi wenyewe tumeleta nini humu chumbani? Kwa maana mnyama aliyefungiwa hawezi kuondoka wala kutuambia kinachomsumbua. Mateso yake ni ya bure, na jibu tunaloliandika daftarini ni la uongo, tusipojali masikio yasiyo kama yetu.

Hata juma lijalo, kwaherini.