Karani wa Mbali na Adabu ya Duka

Ndugu wasomaji, leo nataka kunena juu ya jambo lililoingia madukani mwetu kimyakimya, tusilijadili barazani wala nyumbani. Nalo ni desturi ya mwenye duka kumwajiri karani aliye mji mwingine, asiyemjua hata kwa sura, akamfanyia kazi kwa simu na kompyuta: kujibu wateja, kupokea oda, kuandika madeni na kupanga mizigo. Wengine hawaajiri mtu kamwe, bali huiachia programu ijibu kwa niaba yao usiku na mchana.

Mpwa wangu ana kiduka cha nguo Mji wa Kale, Mombasa. Huuza kanga, vikoi, mabuibui na bafta. Yu peke yake, naye ana watoto wawili wa kupeleka chuoni na skuli, na wateja wa simu walimlemea. Basi akaitia simu ya duka programu ya kujibu. Kwa muda mambo yalikwenda vyema. Usiku mmoja kijana akaandika kwamba babake amefariki, wanataka bafta ya sanda, na maziko ni saa nne asubuhi. Programu ikamjibu papo hapo. Ilimpongeza kwa kuchagua bidhaa bora, ikamwarifu kuwa akinunua na kanga atapunguziwa bei, na kwamba mzigo utamfikia baada ya siku mbili.

Mpwa wangu aliyaona hayo alfajiri, baada ya kuswali. Alinipigia simu akilia. “Mjomba, nimetahayari. Nitawatazamaje watu wale?” Nilifuatana naye hadi matangani kuomba radhi. Sanda walikwisha kuipata kwingine. Kijana alitupokea kwa uungwana, akatusamehe. Lakini alisema neno ambalo sijalisahau: kwamba alipokuwa akiandika, alidhani upande wa pili mna mtu.

Waama, kazi ya mbali si ngeni kwetu. Mfanyabiashara wa Lamu alipakia boriti jahazini, chombo kikaondoka na kusi, na wakala wake wa Arabuni akaziuza na kumrejeshea hesabu kwa waraka, pamoja na tende, kaskazi ilipovuma. Huenda wawili hao wakakaa miaka wasionane. Kilichowafunga ni amana na kalamu. Na sisi tuliosoma chuoni twajua kwamba aya iliyo ndefu kuliko zote katika Kur'ani Tukufu, ya 282 ya Suratul Baqara, yahusu deni na namna ya kuliandika. Wahenga nao walinena: mali bila daftari hupotea bila habari.

Kilichobadilika ni kasi. M-Pesa ilianza nchini mwaka 2007, na mwaka 2009 nyaya za mawasiliano zipitazo chini ya bahari zikatua hapa hapa Mombasa. Leo binti aliyeko Lamu aweza kuwa karani wa duka la Mombasa asiondoke kwao. Na ndivyo alivyofanya mpwa wangu baada ya fedheha ile. Amemwajiri binti amuuguzaye mamake, ambaye hangeweza kuhama kutafuta kazi. Kila akijibu, hutanguliza salamu. Akipata habari ya msiba, hutanguliza pole, ndipo aulize mahitaji. Programu imebakishiwa kuhesabu mitumba ya nguo iliyosalia stoo, kazi isiyotaka moyo.

Sisemi kwamba mashine ni haramu. Nasema kwamba anayejibu kwa jina lako, awe mtu au mashine, amekuwa ulimi wako, na dhamana ni yako. Mwaka 2024, katika jimbo la British Columbia nchini Kanada, baraza la kuamua madai liliamua kwamba shirika la ndege la Air Canada limlipe abiria fidia, kwa kuwa programu yake ilimpa maelezo ya nauli yasiyo kweli. Abiria yule naye alikuwa amefiwa. Shirika lilijitetea kwamba halipaswi kulaumiwa kwa maneno ya programu, halikusikizwa.

Basi mwenye duka na ashike mambo manne. Kwanza, aandikiane na karani wake: kazi gani, saa ngapi, ujira gani, tarehe gani. Pili, nambari ya siri ya pesa asimpe mtu, hata awe mwaminifu vipi. Kumkinga karani na shuku ni kumhurumia. Tatu, alinde siri za wateja. Mama zetu na dada zetu hutuma vipimo vya mabuibui na mahali wakaapo, na hayo ni amana kabla ya kuwa sheria, ingawa sheria nayo ipo tangu mwaka 2019. Nne, alipe kwa wakati. Karani asiyeonekana ni rahisi kusahauliwa, kwani hasimami mlangoni mwisho wa mwezi. Nasi tumefunzwa kumpa mtenda kazi haki yake kabla jasho lake halijakauka. Jasho la Lamu hukauka sawa na la Mombasa.

Wako watakaosema biashara ni biashara, salamu ni kupoteza wakati. Mimi nililelewa nikitumwa dukani, na muuzaji hakunipimia sukari mpaka nimwamkie. Duka lilikuwa chuo cha pili. Tukiyafunga madirisha yake na kufungua simu, na tumweke simuni mtu wa kuitikia salamu.

Wabillahi taufiki.