Kijani Kibichi Si Kipimo cha Mavuno

Kwa wakulima wengi wa zabibu Dodoma, shamba lenye majani ya kijani kibichi na matawi yanayorefuka kwa kasi ndilo shamba lenye afya, na mzabibu ukidorora, dawa yake ni yurea. Imani hiyo ina ukweli ndani yake. Udongo wa kichanga una mboji kidogo, na mzabibu uliopungukiwa naitrojeni hudumaa, majani yake yakianza kugeuka manjano kutoka chini. Sisemi yurea iachwe. Napinga dhana kwamba ukizidisha mbolea utazidisha zabibu.

Tupige hesabu. Tani moja ya zabibu huondoka shambani na naitrojeni ya kilo 1 hadi 2 hivi. Mfuko wa yurea wa kilo 50 una kilo 23 za naitrojeni. Hata tukitoa inayopotea hewani na inayozama ardhini, mfuko mmoja ni chakula cha tani nyingi, na hapo samadi haijahesabiwa.

Ziada yote hiyo huishia kwenye majani. Tenganisha matawi ya mzabibu uliozidishiwa yurea uone: ndani ni giza, majani yamepauka, hewa haipiti, na punje zimepakwa vumbi jeupe la ubwiri unga. Zabibu za kivulini pia huchelewa kuiva na sukari yake huwa haba. Hasara kubwa zaidi haionekani kwa macho. Vishada vya msimu ujao huanza kuumbika ndani ya vichipukizi vya matawi ya msimu huu, na kichipukizi kilichokosa mwanga huja kutoa majani matupu. Dodoma huvuna mara mbili kwa mwaka, kwa hiyo adhabu yake haikawii.

Kosa jingine ni kumwaga mbolea siku ya kupogoa. Siku hiyo mzabibu hauna jani hata moja. Machipukizi ya kwanza hulishwa na akiba iliyomo kwenye shina na mizizi, huku mvua ikiizamisha mbolea yako chini ya mizizi. Subiri majani yafunguke, weka kidogo kidogo, ifukie, kisha bakiza sehemu ya kuweka baada ya mavuno, majani yangali hai, ili akiba ijazwe upya.

Mkulima apime udongo, ahesabu samadi yake, na aangalie kama jua linafika kwenye vishada. Akikuta kivuli, ashike mkasi wa kupogolea. Mfuko wa pili wa yurea utamwongezea gharama na ugonjwa tu.