Darasa Lisilo na Gata Halijakamilika

ELIMU NA JAMII
Na Hamisi Mbonde

Uharibifu wa majengo ya shule unaotokana na maji huzungumzwa zaidi baada ya mafuriko, ilhali mara nyingi huwa umeanza miaka kadhaa nyuma, katika bati lililotoboka, katika msingi usio na mfereji na katika kenchi, yaani fremu ya mbao inayobeba paa, inayolowana kila masika bila mtu kupanda kuitazama. Ni kweli kwamba mvua za mwaka 2024 zilikuwa za kipekee: Kenya ililazimika kuahirisha ufunguzi wa muhula wa pili kutoka Aprili 29 hadi Mei 13, na nchini Tanzania Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, aliliarifu Bunge mwezi Aprili kwamba watu 155 walikuwa wamepoteza maisha. Hata hivyo, maafa ya kiwango hicho hayawezi kuwa kisingizio cha kila ukuta unaopasuka, kwa kuwa kuta nyingi za shule hudhoofishwa na maji ya paa la shule yenyewe.

Hesabu yake ni nyepesi. Milimita moja ya mvua ikinyesha juu ya mita moja ya mraba hutoa lita moja ya maji; kwa hiyo jengo la madarasa mawili lenye paa la mita za mraba 160, likipata milimita 50 za mvua kwa siku, hutiririsha lita 8,000. Pasipokuwa na gata, yaani mfereji wa bati au plastiki unaofungwa kwenye ukingo wa paa, maji hayo yote huanguka katika mstari mmoja kandokando ya kuta, yakachimba udongo hadi msingi ukabaki wazi, yakarusha matope kwenye lipu, na mwishowe yakapenya chini ya jamvi, ambalo ni sakafu ya zege. Palipo na udongo mweusi wa mfinyanzi, ambao huvimba ukilowa na kusinyaa ukikauka, jengo hunyanyuliwa na kushushwa kila msimu, na dalili yake ya kwanza huwa ni nyufa za mshazari zinazoanzia kwenye pembe za madirisha. Maji hayohayo, yakielekezwa kwenye tangi, yangetosha kunawia mikono na kusafishia vyoo kwa siku kadhaa.

Matayarisho, kwa hiyo, ni kazi ya ukaguzi zaidi kuliko ya ujenzi. Kabla ya mvua inatakiwa misumari ya bati iliyolegea igongwe au ibadilishwe, kofia ya paa ikaguliwe, majani yazolewe kwenye gata, mitaro ifukuliwe, na matawi yanayoegemea paa yakatwe. Ugumu uko kwenye kalenda. Nchini Tanzania, mikoa ya pwani hupata masika kati ya Machi na Mei, ilhali mikoa ya kati na kusini ina msimu mmoja unaoanza karibu na Novemba. Lakini mwaka wa fedha wa serikali huanza Julai 1 kote nchini, na likizo ndefu ya katikati ya mwaka, ambayo ndiyo huonekana kufaa kwa ukarabati, huja wakati masika yamekwisha kufanya kazi yake. Shule ya pwani inapaswa kukagua paa lake Januari na Februari, na ya Dodoma au Singida ifanye hivyo Septemba na Oktoba, bila kusubiri waraka wa pamoja.

Suala la fedha nalo halikwepeki. Chini ya mpango wa elimu bila ada ulioanza kutekelezwa mwaka 2016, ruzuku ya uendeshaji ilipangwa kuwa Sh10,000 kwa mwanafunzi wa shule ya msingi na Sh25,000 kwa wa sekondari kwa mwaka, na fungu hilo hilo ndilo linalotazamiwa kugharimia vitabu, mitihani, vifaa vya ofisi na ukarabati. Shule ya msingi yenye wanafunzi 800 huwa na stahili ya Sh8 milioni kwa hesabu hiyo, na katika mashindano ya mahitaji ya kila siku, paa ambalo bado halijavuja huwa la mwisho kufikiriwa.

Pale maji yanapokuwa yameshaingia darasani, utaratibu wa kurejesha jengo katika hali yake una mpangilio usiopaswa kurukwa. Umeme hukatwa kwanza kwenye swichi kuu. Fundi hukagua msingi, kuta na kenchi kabla ya mtu mwingine kuingia. Kisha matope huondolewa yangali mabichi, sakafu na kuta huoshwa kwa maji safi na sabuni, na ndipo hupakwa dawa ya klorini, ambayo haifanyi kazi ipasavyo juu ya uchafu. Vyoo vya shimo vilivyofurika huhesabiwa kuwa chanzo cha kipindupindu, na kisima kilichoguswa na maji hayo hakitumiki hadi kitibiwe. Madirisha na milango huachwa wazi ili hewa ipite, kwa sababu kuvu huweza kuanza kuota katika muda wa saa 24 hadi 48 kwenye vitu vilivyolowa, na vumbi lake huwasumbua hasa watoto wenye pumu.

Kosa linalofanyika mara nyingi ni haraka ya kupaka rangi. Madarasa mengi yana rangi ya mafuta sehemu ya chini ya ukuta ili uchafu ufutike kirahisi, lakini rangi hiyo hufungia unyevu ndani ya tofali, na inapopakwa upya juu ya ukuta usiokauka hutoa malengelenge, chumvi huchomoza, na lipu hubanduka mapande kwa mapande. Ukuta uliozama huhitaji wiki nyingi, pengine miezi, kukauka hadi ndani, na hakuna mgeni rasmi anayestahili kupunguziwa muda huo.

Katika mwaka wa fedha 2021/22 nchi ilijenga vyumba vya madarasa 15,000 kwa mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa, na hatua hiyo ilistahili sifa. Kinachotakiwa sasa ni kila halmashauri kutenga fungu la ukarabati lisiloguswa kwa matumizi mengine, na kila mhandisi wa wilaya kukataa kusaini hati ya kukamilika kwa jengo lisilo na gata, mfereji na tangi. Jengo la namna hiyo lihesabiwe kuwa bado linajengwa, na aliyelijenga asilipwe malipo ya mwisho.